Tundu la Moshi

Mimi sijasomea kitu. Miaka thelathini na mmoja nilisoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na hiyo nayo huwezi kuiita kusoma, ingawa niliwahi kusoma mita iliyokuwa ndani ya mzinga wa nyuki nikatoka na namba sahihi na asali kilo mbili. Ninachokijua nimekijua kwa kukifungua. Redio niliifungua, pasi niliifungua, saa ya ukutani niliifungua nikairudishia na skrubu tatu zikabaki mezani, na tangu siku ile inakwenda vizuri zaidi. Asiyesadiki aje aitazame. Kwa hiyo nilipostaafu na kuamua kutengeneza viko vya tumbaku, kitu cha kwanza nilichotafuta ni kiko cha kufungua.

Nyumbani kwetu kilikuwepo kimoja tu.

Karakana yenyewe ilinichukua karibu miaka miwili kuiweka sawa. Ni kile chumba kidogo nyuma ya jiko, ambacho mke wangu alikuwa akiwekea ndoo na makopo na kila kitu ambacho siku moja kitafaa. Alinipa kwa masharti mawili: vumbi lisivuke kizingiti, na mota ya cherehani yake isiguswe. Sharti la pili liliwekwa kwa sababu ananijua. Meza niliitengeneza kwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya makabati mawili ya mafaili, niliyoyaokoa siku ofisi yetu ilipohama. Jiliwa la kubania mti nilipata kwa muuza vyuma chakavu, zito hivi kwamba lilivunja gurudumu la toroli njiani, na jirani akadhani ni nanga, akaniuliza meli yenyewe nitaileta lini. Keekee ya umeme, ya kutobolea, niliifunga kwa waya kwenye fremu ya kitanda cha chuma ili isitikisike. Keekee inakaa, mti ndio unaosukumwa kuiendea. Tupa saba ukutani. Taa moja, dirisha moja.

Mti ndio ulionitoa jasho. Kiko hakikubali mti wowote, kinataka mgumu usioshika moto. Nilipata mzizi wa mzeituni mkongwe uliong'olewa kupisha barabara, nikakata vigogo sita, nikavichemsha kutwa nzima, nikavikausha mwaka na nusu juu ya kabati la chumbani. Vitano vilipasuka, kimoja kimoja, kwa mlio wa jiwe juu ya bati, na kila mara mke wangu alikuwa akiniambia nikachungulie ni nani anatupiga mawe. Kikabaki kigogo kimoja.

Sasa, kile kiko cha pekee kilikuwa cha marehemu baba mkwe. Kilikaa kwenye droo ya kabati la sebuleni, kimefungwa katika leso ya bluu, na kile kipande cheusi cha mdomoni kilikuwa na alama mbili za meno, maana mzee alikiuma upande mmoja tu. Siku ya mazishi mke wangu na kaka yake waligombana juu yake. Kaka alisema yeye ndiye mtoto wa kiume. Mke wangu akasema yeye ndiye aliyekiwasha mikono ya mzee ilipoanza kutetemeka. Wakasema na mengine ambayo siyaandiki. Miaka saba hawakusemezana. Tukikutana naye sokoni, shemeji alinisalimia mimi, akausalimia na mfuko wa vitunguu nilioubeba, mke wangu hamwoni. Yeye aliyemwita "mdogo wangu" tangu utotoni, sasa hakumwita kitu.

Shemeji ni mkaguzi wa mizani. Anazunguka madukani na mawe yake ya shaba ndani ya sanduku, na mtaani wanamwita Mizani. Hata mkewe anamwita hivyo.

Jumatano mke wangu alikwenda kuchukua miwani yake mpya. Nilikuwa nimekwisha kukipima kiko kile kwa waya, kwa njiti na kwa maji, na bado sikuelewa tundu la moshi linakutana vipi na sakafu ya bakuli. Nikajiambia nitakipasua katikati kwa msumeno mwembamba, nitatazama, nitakigandisha, nitakirudisha kwenye leso. Nani atajua? Nikachomoa kipande cha mdomoni, nikakiweka pembeni kwa heshima zote, nikakata. Msumeno ulipita kama kwenye sabuni.

Niliona nilichotaka kuona, na nikaona zaidi. Fundi wa kiko kile alikosea. Tundu lilikuwa jembamba, na halikufika sakafuni. Lilitokea ubavuni mwa bakuli, upana mzima wa kidole juu ya sakafu. Nikacheka peke yangu. Halafu nikaviweka vipande pamoja, nikaacha kucheka. Msumeno unakula mti. Ulikuwa umekula unene wa ukucha katikati, na vile vipande havikufanya tena duara. Kiko kilikuwa bapa, kama kimekaliwa.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Nilivifunika vipande kwa kitambaa na kuvikalia.

Mke wangu alisimama kizingitini na miwani usoni, akinitazama kama mtu aliyebadilishiwa mume.

"Kumbe una mvi hadi masikioni," akasema.

"Ni vumbi."

"Nimempigia kaka."

"Kaka yupi?"

"Kwani ninao wangapi?" Akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mwezi ujao anahama. Anakwenda kukaa kwa mwanawe, safari ya siku mbili kwa basi. Nikasema akienda hivi hivi, basi tena. Anakuja Jumamosi saa kumi. Nampa kiko."

"Unampa?"

"Nampa mkononi, mimi mwenyewe. Akikipokea, yamekwisha."

Kipande kimoja kilikuwa kikinichoma pajani. Nilitaka kumwambia pale pale. Lakini namjua shemeji yangu. Akiambiwa kiko cha baba yake kimepasuliwa siku tatu kabla ya kupewa, hatasema shemeji ni mjinga. Atasema dada yake aliona bora akipasue kuliko kumpa. Atapanda basi lake na imani hiyo, na mke wangu atabaki na leso.

"Umefanya vizuri, mama," nikasema, bila kuinuka.

Jioni ile nilikata kichwa cha mwiko, nikakifunga kwenye leso ya bluu, nikakirudisha kwenye droo.

Alhamisi nilikata kigogo changu kwa umbo la kile cha mzee. Ijumaa nilitoboa bakuli. Fundi mwenye mwalimu angeanza na tundu la moshi, wakati kigogo bado kina pembe za kushika. Mimi nilianza na bakuli kwa sababu ndilo linaloonekana. Likabaki tundu. Lazima lipite katikati ya shingo ya kiko, literemke kwa mshazari, litokee sakafuni kabisa. Likienda juu, nimerudia kosa la yule fundi. Likienda chini, limetoboa kitako, na sina kigogo kingine. Nikajaribu kwanza kwenye miguu ya kiti kibovu. Wa kwanza, keekee ilitokea ubavuni kama funza. Wa pili, hivyo hivyo upande wa pili. Wa tatu nilisimamisha kioo cha kunyolea ili nione pande mbili kwa wakati mmoja, na kioo kikanigeuzia kushoto kuwa kulia, nikakaribia kujitoboa kidole.

Shida nilikuwa nimeielewa. Mistari ya kufuata ni miwili, mmoja juu ya shingo na mmoja ubavuni. Ukiutazama huu, huo mwingine huuoni. Kazi ile ilitaka macho manne, na nyumbani mwetu macho mengine mawili yalikuwa ya mtu mmoja tu, tena yamenunuliwa miwani mpya.

Jumamosi asubuhi akaja na chai mlangoni. "Tangu Jumatano unatengeneza nini?"

"Mguu wa kiti."

"Kiti kina miguu mingapi siku hizi? Nimefagia mitatu." Akaweka kikombe juu ya jiliwa. "Saa nane nitakitoa kiko nikifute mafuta kidogo. Kisionekane kimetupwa."

Nikasikia akienda sebuleni. Nikasikia droo ikifunguka. Nilisimama na tupa mkononi bila kuhema. Akatoka na leso, akaipitisha mbele ya mlango wangu ikiwa bado imefungwa, akaiweka mezani jikoni, akaipigapiga kidogo kwa kiganja kama mtu anayemlaza mtoto. Kisha akaanza kumenya viazi kando yake.

Saa ikafika sita. Ikafika saba. Nilikaa nikikitazama kigogo, na leso, na kigogo. Saa saba na nusu nikamwita.

"Mama. Njoo kidogo. Na miwani."

Nilimwonyesha vipande. Nilimweleza kwa kirefu, kwa sababu kwa kifupi siwezi, nikaanzia kwenye mzinga wa nyuki, akanyoosha kiganja nikanyamaza. Akavichukua vipande, akaviunganisha, akaona jinsi visivyokutana. Uso wake ulikuwa kama mlango uliofungwa kwa ndani.

"Kwenye leso kuna nini?"

"Mwiko."

"Nimekuwa nikiubembeleza mwiko."

"Ndiyo."

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jikoni sufuria ilianza kufurika na hakuna aliyeinuka.

"Ningekuwa na nguvu ningekupiga na hilo jiliwa," akasema hatimaye. "Unataka nini?"

"Jicho."

Akaenda kuzima jiko, akarudi na mto, akapiga magoti upande wa dirisha, uso wake shubiri moja kutoka kwenye shingo ya kiko. Mimi upande wa pili, mikono yote miwili juu ya mti.

"Ukiona imeinama, sema."

"Imeinama."

"Sijaanza."

"Ndiyo nakwambia kabla."

Nikawasha. Keekee ikanguruma, fremu ya kitanda ikaitikia. Nikausukuma mti, ncha ikauma. Unga wa kahawia ukaanza kutoka, na ile harufu ya mzeituni, kali na tamu kidogo.

"Juu," akasema. "Juu kidogo. Unywele."

"Unywele wako au wangu?"

"Wewe huna. Wangu."

Nikainua. Robo. Nikarudisha nyuma kutoa unga, nikaingiza tena. Nusu. Nikabadilisha mshiko wa mkono wa kushoto, naye akaona.

"Pumzika," akasema.

"Nikiacha nitapoteza mstari."

"Mstari ninao mimi. Pumzika."

Nikaacha. Yeye hakuondoa jicho wala kupepesa. Nikakunja vidole, nikakunjua, nikashika tena. Robo tatu. Nilikuwa nimefunga utepe mwekundu kwenye ncha kuonyesha kina, na utepe ukawa unaukaribia mti, unaukaribia.

"Chini sasa. Upande wa dirisha. Hapo. Usiguse kitu. Hapo hapo."

Sauti ikabadilika, ikawa nyepesi, kama mtu aliyekuwa akipanda ngazi akafika juu. Nikazima. Alichomoa kijiti kwenye ufagio, akakipitisha shingoni, na sote wawili tukainamia bakuli, vichwa vikagongana. Kijiti kilitokea kikiteleza juu ya sakafu kabisa.

"Kama cha baba?" akauliza.

"Kizuri kuliko cha baba," nikasema. Hapo ndipo nilipokosea kwa mara ya pili wiki ile, na tena kwa majivuno, lakini muda wa kujijua haukuwepo. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Tulifanya kazi kama wezi. Tupa, msasa, mafuta. Rangi tulipata kwa chai nzito, masizi ya bakuli tukayatoa chini ya sufuria. Kwenye ukingo nilipachubua mahali pale pale mzee alipokuwa akigongesha dirishani kumwaga majivu. Kipande cheusi chenye alama za meno kikaingia mahali pake kwa mlio mdogo.

"Atakipima," mke wangu akasema.

"Kwa mkono?"

"Mkono huo umefunga maduka."

Tukaweka vipande vya zamani kwenye mizani ya jikoni, kisha kipya bila kile kipande cheusi. Kipya kilizidi kidogo. Nikakwangua kitako hadi mshale uliposimama palepale. Aliposema "basi", mlango ukagongwa. Saa kumi kasorobo. Mkaguzi hajawahi kuchelewa maishani mwake, na kuwahi nako ni ugonjwa.

Shemeji aliingia na shati lililofungwa hadi kifungo cha shingo. "Hamjambo humu," akasema, akiisalimia nyumba.

"Karibu, shemeji."

"Karibu, kaka," akasema mke wangu.

Alikaa kwenye ncha ya kiti. Chai alikataa. Mke wangu alileta leso kwa mikono miwili, na niliona vidole vyake vina rangi ya chai hadi kwenye kucha. Shemeji akafungua pembe nne, moja moja. Akakiweka kiko kiganjani. Kiganja kikapanda kidogo, kikashuka kidogo. Kikapanda tena.

"Ndicho," akasema.

Mke wangu akafumba macho. Mimi nilianza kuhema.

Halafu, kama mtu yeyote anayeshika kiko, akakitia mdomoni na kuvuta hewa. Akasita. Akavuta tena. Akakitoa, akachungulia ndani ya bakuli.

"Kinavuta," akasema.

"Si ndiyo kazi ya kiko, shemeji?"

"Cha baba kilikuwa hakivuti." Alisema polepole, akimtazama dada yake kwa mara ya kwanza. "Mashavu yake yalikuwa yakikutana ndani. Tulikuwa tunamwigiza, nyuma ya mlango, mimi na wewe. Hiki kinavuta kama dirisha. Umekifanya nini?"

Ndivyo nilivyojua tangu Jumatano kwamba itakuwa: umekifanya nini, na lawama kwa mke wangu. Nilikuwa na hadithi tayari, ya mtaalamu wa kusafisha viko niliyemkuta akiishi ndani ya tangi la maji, hadithi nzuri, na nikaanza, "Shemeji, kuna mzee mmoja—" Mke wangu hakunitazama. Alikuwa akitazama vidole vyake.

"Nilikikata mimi," nikasema. "Jumatano. Kwa msumeno. Nilitaka kuona ndani. Dada yako hakujua hadi leo saa saba na nusu. Hicho tumekitengeneza leo. Mdomo tu ndio wa mzee."

Sijawahi kusema sentensi fupi namna ile, na sikupenda ladha yake.

Saa ya ukutani ikaendelea bila skrubu zake tatu.

"Vipande viko wapi?"

Mke wangu akavitoa mfukoni mwa aproni. Shemeji akaenda navyo dirishani, akavigeuza kwenye mwanga. Alikaa huko muda mrefu kiasi cha mimi kuutazama mlango mara mbili.

"Njoo uone," akasema. Si kwangu.

Mke wangu akaenda. Wakasimama bega kwa bega.

"Tundu limetokea huku juu."

"Nimeliona."

"Na jembamba. Hata sindano ingelalamika."

"Miaka arobaini," akasema mke wangu, "anatuambia tumbaku ya siku hizi mbovu."

Shemeji akavuta mashavu yake ndani, taratibu, hadi yakakutana. Mke wangu akafanya vivyo hivyo. Wazee wawili dirishani wenye nyuso za samaki, na mimi sikuthubutu kucheka.

Ningemalizia hapo kama ningekuwa mwongo. Shemeji alikunja leso. "Hicho kipya mwachie mumeo. Mimi nachukua hivi."

"Vyote viwili?"

"Ulisema unanipa."

"Nilisema nakupa kiko. Kiko umepewa." Alikuwa ameshika kipande kimoja. "Hivi sikujua kama vipo namna hii. Ningejua nisingesema."

"Yaani tumerudi pale pale."

"Wewe ndiye umerudi."

Hawakupaza sauti. Zilikuwa zikishuka, na hiyo kwao ni mbaya zaidi. Siku ya mazishi walimalizia kwa kunong'ona. Shemeji akaweka kipande chake mezani, akakinyoosha sambamba na ukingo kama jiwe la mizani, akainuka.

"Basi baki navyo."

Alikuwa amefika nusu ya chumba.

"Shemeji," nikasema, "ukiondoka hakitagandika tena."

Akasimama. "Kinagandika?"

"Kitakuwa bapa kidogo, cha kuvuta hakitakuwa, lakini kitakuwa kimoja. Ila leo. Mti uliokatwa ukipita siku ya tatu unajifunga, haupokei gundi."

"Kibane kwenye jiliwa lako."

"Jiliwa litakipasua. Mti mkavu namna ile unataka joto la mkono. Mikono ya watu wawili, mmoja kila upande, isiyolegea. Nilimwona fundi mmoja amebana kiko kwenye jiliwa, kipande kikaruka kikavunja kioo nyumba ya tatu."

Alinitazama kama anavyotazama mizani ya duka lenye wateja wengi. Kisha akatazama kipande kilicho mkononi mwa dada yake.

"Kwa muda gani?"

"Saa nzima."

Nikawaketisha karakanani juu ya ndoo mbili zilizopinduliwa. Chumba ni kidogo. Magoti yao yakagusana, na hapakuwa na mahali pa kuyapeleka. Nikapaka gundi. Shemeji akashika upande huu, mke wangu upande ule, vidole gumba vikatazamana juu ya bakuli. Nikawaambia wasilegeze hata kwa kupiga chafya. Kisha nikarudisha mlango nikaenda jikoni kuchemsha maji.

Gundi ile inashika kwa dakika tano. Imeandikwa kwenye kopo, kwa hiyo kopo nilitoka nalo mfukoni.

Ndoo moja ikakwaruza sakafu. Halafu mke wangu akasema, "Mkono wako umechoka?"

"Haujachoka."

"Wangu umechoka."

Nilisimama na kifuniko cha birika mkononi.

"Badilisha kidole," shemeji akasema. "Polepole, mdogo wangu. Nimekishika."

Birika lilikuwa limeanza kuimba. Nikaliongeza maji baridi, hadi juu.